Bakaa Hii Iko Benki Gani? Hotuba yangu kwa madiwani wapya

Niliyoyasema kwenye semina ya madiwani wapya nimeyaweka hapa yote, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na wakaniomba. Picha za ukutani nimeziacha. Hata siku ile hazikusaidia sana, maana umeme ulikatika dakika ya kumi.

Mstahiki Meya. Naibu Meya. Waheshimiwa madiwani wa kata na wa viti maalumu. Mkurugenzi na timu yako ya menejimenti. Watendaji wa kata. Na nyinyi ndugu zangu wananchi mliokaa benchi la nyuma, ambako naona feni haifiki. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo?

Nimetambulishwa hapa kama mtaalamu wa fedha za umma. Naomba nisahihishe kabla sijasifiwa zaidi. Mimi nilikuwa mhasibu wa halmashauri, mwishoni nikawa mweka hazina, miaka zaidi ya ishirini, katika halmashauri ambazo leo sitazitaja. Na miaka yote hiyo nilikaa upande ule pale, upande wa wanaojibu. Kwa hiyo, waheshimiwa, sikuja kuwafundisha kuuliza. Nimekuja kuwaeleza tulivyokuwa tunakwepa kujibu.

Naona mkurugenzi anacheka. Cheka tu, ndugu yangu. Wewe nitakufikia.

Niwaulize kidogo. Nani hapa anajua kwa nini kiti alichokalia kipo? Msiniambie kura. Kura zimekuweka wewe kwenye kiti, lakini kiti chenyewe kimewekwa na nini?

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa katika nchi hii. Halmashauri zikaondoka, madiwani wakaondoka, mambo yakawekwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Tukaita madaraka mikoani. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Wale maofisa hawakuwa watu wabaya; wengi walikuwa wasomi na wachapakazi. Lakini hapakuwa na mtu wa kusimama kila baada ya miezi mitatu na kuwauliza, mtaro wa mtaa wangu umefikia wapi? Mitaro ikaziba. Taka zikajaa. Kipindupindu kikaingia mijini. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria ambazo mpaka leo ndizo mnazofanyia kazi: Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji, Namba 9 ya fedha. Kwenye Katiba mtajikuta ibara ya 145 na ya 146. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukiulizwa kiti chako kilirudishwa na nini, jibu: kilirudishwa na mtaro ulioziba.

Na kikirudishwa kinaweza kuondoka tena. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, jiji likaendeshwa na Tume mpaka mwaka 2000. Sitaki kuingia kwenye siasa zake. Nasema tu kwamba baraza ambalo wananchi hawaoni kazi yake, hakuna anayelilia likiondoka.

Sasa tuingie jikoni.

Jibu tulilolipenda kuliko yote, sisi wa upande ule, lilikuwa hili: mchakato unaendelea. Mchakato unaendelea! Neno tamu sana. Halina tarehe, halina kiasi, halina jina la mtu. Diwani anauliza vyoo vya soko vitajengwa lini, mhandisi anasimama, anafunga kifungo cha koti: "Mstahiki Meya, napenda kumhakikishia Mheshimiwa Diwani kwamba mchakato unaendelea na uko hatua za mwisho." Diwani anashukuru. Diwani anakaa. Na sisi tunaandika kwenye muhtasari: swali limejibiwa.

Limejibiwa?

Nilifanya kazi mahali ambako diwani mmoja alikuwa fundi baiskeli. Mtu mpole, haongei sana. Aliuliza vyoo vya soko, akapewa hatua za mwisho, akakaa. Lakini alikuwa na daftari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Robo iliyofuata akasimama, akalifungua. Akasema: "Mstahiki, kikao kilichopita mhandisi alituambia tuko hatua za mwisho. Naomba anitajie hiyo hatua. Tangazo la zabuni limetoka? Mzabuni amepatikana? Mkataba umesainiwa? Mkandarasi amekabidhiwa eneo? Anitajie moja tu, nikawaambie watu wa sokoni."

Ukumbi ukawa kimya. Hapakuwa hata na moja. Fedha za vyoo zilikuwa zimehamishiwa kasma nyingine, yaani fungu jingine la bajeti, zikawa mafuta ya magari na posho, na baraza halikuwa limeidhinisha uhamisho huo. Mimi nilikuwa naijua ile hati ya uhamisho. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe.

Vyoo vilijengwa baada ya miezi saba. Matundu manne badala ya sita, lakini vilijengwa. Fundi baiskeli hakupiga meza, hakumtukana mtu. Alichukua jibu letu wenyewe, akaturudishia, akaomba lifafanuliwe. Waheshimiwa, nunueni daftari. Muhtasari wa kikao tunauandika sisi, na katibu wa baraza ni mkurugenzi. Daftari ni lako wewe.

Na hapo hapo nizungumzie pongezi, kwa sababu zinanikera. Diwani ana dakika tano. Dakika ya kwanza anamshukuru Mungu, sawa. Ya pili anampongeza Rais. Ya tatu anampongeza meya, mbunge na mkuu wa wilaya. Ya nne anampongeza mkurugenzi na wataalamu kwa kazi nzuri, kazi iliyotukuka. Ya tano kengele inalia ndipo anakumbuka kwamba zahanati ya kata yake haina muuguzi. Wazee walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulikuwa tunalitia maji huku tukipigiwa makofi! Pongezi ziwekeni mwisho. Akikujibu vizuri, mpongeze. Hajajibu, unampongeza kwa lipi?

Nije kwenye kabrasha.

Kabrasha mtalijua. Kurasa mia mbili na kitu, wakati mwingine mia tatu, taarifa za kamati zote, mihtasari, mapato na matumizi, majedwali ambayo maandishi yake yanahitaji miwani hata kwa kijana. Kanuni za kudumu zinataka likufikie siku kadhaa kabla ya kikao. Likifika usiku wa kuamkia kikao, utaambiwa printa iliharibika. Na ni kweli, printa huharibika. Mara nyingine huharibika kwa bahati mbaya. Mara nyingine huharibika kwa maelekezo.

Kwa nini? Kwa sababu tulijua hakuna binadamu anayesoma kurasa mia tatu kwa usiku mmoja. Na tulijua diwani anaona haya kusema hajasoma. Kwa hiyo atanyanyua mkono taarifa ipokelewe, ataenda kula, ataondoka.

Lakini palikuwa na mama mmoja. Viti maalumu, elimu yake darasa la saba, kazi yake kufuga kuku wa mayai. Wataalamu wengine walikuwa wanamnong'ona. Mimi pia, Mungu anisamehe. Yule mama hakujaribu kusoma kabrasha lote. Baadaye aliniambia mwenyewe: "Mimi nasoma kama ninavyohesabu mayai. Yaliyotagwa, yaliyouzwa, yaliyovunjika, yaliyobaki." Basi alikuwa anafungua jedwali la miradi na kuangalia safu nne tu: bajeti, fedha zilizopokelewa, fedha zilizotumika, bakaa. Halafu anaangalia maelezo pembeni.

Siku hiyo akasimama. Ukurasa akautaja kwa namba. Mradi wa zahanati: imepokea milioni 50, imetumia milioni 31, bakaa milioni 19. Pembeni tumeandika kwamba utekelezaji umefikia asilimia 100. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya pumba: "Mstahiki, kama kazi imekwisha yote, tunashukuru. Sasa bakaa hii iko benki gani? Naomba kamati ya fedha ionyeshwe karatasi ya benki."

Mkurugenzi akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Kwenye ile akaunti palikuwa na milioni mbili na ushee. Nyingine zilikuwa zimeazimwa kuziba tundu jingine, na lile tundu jingine lilikuwa limetokana na tundu la kabla yake. Na zahanati yenyewe haikuwa asilimia 100. Haikuwa na nyaya za umeme, milango miwili ilikuwa ya mabanzi. Fedha zilirudi, lakini zilichukua robo mbili kurudi, na mimi katika robo hizo mbili nilipungua kilo.

Sasa nataka tutulie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye siri yenyewe. Yule mama hakusema mmeiba. Mmelisikia hilo? Hakusema mmeiba. Angesema mmeiba, tungefurahi! Ndiyo, tungefurahi. Mkurugenzi angesimama kwa uchungu, angesema watumishi wamedhalilishwa. Meya angemtaka afute kauli. Angekataa kufuta. Kikao kizima kingekuwa ni ulimi wa Mheshimiwa, na ile milioni 19 ingelala salama salimini. Nimeona vikao vya namna hiyo visivyohesabika. Diwani anatoka nje, wapiga kura wanamshangilia kwa ukali wake, na sisi tunatoka mlango wa nyuma tukiwa na siri yetu mfukoni.

Tuhuma inaweza kujibiwa kwa hasira. Karatasi ya benki inajibiwa kwa karatasi ya benki. Basi ombeni karatasi. Hati ya malipo, mkataba, cheti cha mhandisi, hati ya makabidhiano, taarifa ya benki. Na muombe ipelekwe kwenye kamati ya fedha, kwa sababu ile hukutana kila mwezi. Baraza linakaa kila baada ya miezi mitatu. Mkisubiri baraza, karatasi inapata muda wa kuzaliwa.

Kuna kitu kingine kinachowapa nguvu, nacho ni kujua bei. Mnakumbuka madarasa ya fedha za UVIKO, zile za korona, mwaka 2021? Madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20. Unadhani kwa nini kila kijiji kilikuwa kinayazungumzia? Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba ile namba ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Milioni 20. Muuza mchicha anaijua. Saidia fundi anaijua. Mwalimu mkuu akisema hazijatosha, kuna watu kumi wako tayari kuhesabu naye mifuko ya saruji. Mradi wowote unaokuja kwenye kata yako, siku ya kwanza kabisa, iambie kata namba yake. Itaje kwenye mkutano wa hadhara. Ibandike kwenye mti. Utakuwa umeajiri wakaguzi mia tano bila posho.

Na tukizungumzia wakaguzi. Kila mwaka ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inafika kwa Rais mwisho wa Machi, halafu inawekwa mezani Bungeni, na nyinyi mnakaa baraza maalumu kujadili hoja zake. Siku hiyo mtasikia kwamba tumepata hati safi, na watu watapiga vigelegele. Pigeni, lakini mjue mnapigia nini. Hati safi inasema hesabu zimeandikwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haisemi dawa zipo. Haisemi tofali lilikuwa imara. Niliwahi kupata hati safi mwaka ambao soko letu lilikuwa halina maji hata tone. Ulizeni badala yake: hoja za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa ni ngapi, na ya zamani kuliko zote ina umri gani?

Hapa katikati niseme jambo fupi, kwa sababu linapoteza vikao. Jueni mnamuuliza nani. Kuna diwani alimkaba mkurugenzi vikao vitatu mfululizo kuhusu barabara ya kata yake. Vikao vitatu! Na kila mara mkurugenzi alijibu kwa upole wa hali ya juu, akijua anachofanya, kwamba suala limepokelewa. Kikao cha nne ndipo alipoambiwa: Mheshimiwa, hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara. Barabara za mijini na vijijini zilihamia TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu Sheria ya Maji ya 2019, mijini kuna mamlaka za maji. Kodi ya majengo tangu 2021 mwananchi anaikatwa akinunua umeme wa LUKU, kwa hiyo usimkabe mweka hazina kwamba hakusanyi. Hao wa TARURA na RUWASA waalikeni barazani, waje na taarifa zao, muwaulize maswali yale yale ya fundi baiskeli. Mkurugenzi mwulizeni vilivyo vyake: taka, masoko, stendi, shule, zahanati, vibali vya ujenzi, leseni, ushuru. Vinatosha kumkosesha usingizi.

Ushuru. Hapa, waheshimiwa, naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mtu anayetubu.

Mnajua maana ya fedha mbichi? Wa upande ule wanajua, naona wameinamisha vichwa. Fedha mbichi ni ushuru uliokusanywa leo, ukatumika kabla haujafika benki. Sheria na kanuni haziruhusu. Kila senti iende benki kwanza, itoke kwa hati ya malipo. Siku moja gari la ofisi halina mafuta, kuna kiongozi anakuja, bosi wangu ananipigia: "Chukua kwenye makusanyo, tutarekebisha kesho." Nikachukua. Kesho tukarekebisha kweli. Mara ya pili ikachukua wiki. Mara ya tatu hatukurekebisha. Baada ya mwaka haikuwa tena dharura, ilikuwa mfumo, na wakusanyaji walioona wakubwa wanachota, nao wakaanza kuchota. Ungewaambia nini?

Na baraza? Baraza lilikuwa linapiga makofi. Tulikuwa tunasoma taarifa ya makusanyo: lengo hili, tumekusanya hili, sawa na asilimia 96. Asilimia 96! Makofi. Miaka minne hakuna aliyeuliza kama fedha zilizo kwenye mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, zinalingana na zilizo benki.

Akaja kijana. Uchaguzi mpya, diwani mpya, kabla ya hapo alikuwa wakala wa fedha kwa simu, kibanda chake kando ya stendi. Alisikiliza taarifa yetu mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono. Akasema: "Mimi kibandani kila jioni nalinganisha floti ya simu na fedha za droo. Zisipolingana silali. Nyinyi mnalinganisha lini?"

Mnalinganisha lini. Maneno mawili.

Nilisimama kujibu, nikasikia sauti yangu ikisema mchakato unaendelea. Yule kijana akatabasamu. Akaomba mambo matatu kwa maandishi: orodha ya mashine zote na jina la aliyenayo, mashine zipi ziko hewani leo, na tofauti ya mashine na benki kwa kila mkusanyaji. Tulipohesabu, mashine kumi na moja hazikujulikana zilipo. Mimi nilipata barua, na baadaye nikakatwa mshahara. Niliistahili ile barua. Nawaambia hili si kwa kujivunia, ila mjue kwamba aliyenikamata hakuwa mkaguzi kutoka Dodoma mwenye shahada tatu. Alikuwa wakala wa kibandani aliyeuliza swali la kazi yake.

Kila mmoja wenu ana kazi yake. Mkulima anajua mbolea, mama ntilie anajua mkaa unavyoisha, mwalimu anajua mahudhurio ya uongo yanavyofanana. Ulizeni kutoka huko. Msijilazimishe Kiswahili cha wataalamu. Kile tulikitengeneza sisi, na vichochoro vyake tunavijua.

Mkurugenzi, nilikuahidi. Najua umekaa hapo unafikiri huyu mzee amekuja kunichochea madiwani. Hapana. Wewe ndiye Afisa Masuuli. Umeteuliwa na Rais, na siku ukiitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, kujibu hoja, hatakwenda meya, hatakwenda mhandisi, utajibu wewe. Swali ambalo diwani wa kata anakuuliza mwezi wa kumi, ukiwa na maji ya kunywa mezani, ni lile lile utakaloulizwa na kamati ya Bunge, bila maji. Bosi wangu yule wa mafuta ya gari alikuwa mtu mwema. Angepata baraza kali mwaka wa kwanza, angestaafu vizuri.

Sasa niwageukie waheshimiwa wenyewe, na hapa hamtanipigia makofi.

Mnajua mikopo ya asilimia kumi. Ni mapato yenu ya ndani: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Iliwekwa kwenye sheria mwaka 2018. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na kila mtu hapa anajua ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorudi. Diwani mmoja, wakati ule wa utaratibu wa zamani, aliamua kuchukua orodha ya vikundi vya kata yake na kuisoma kwenye mkutano wa hadhara. Tulimshauri asifanye hivyo. Akafanya. Kikundi cha kwanza, watu wakanyoosha mikono, sisi hapa. Cha pili, sisi hapa. Cha tatu, kimya. Akasoma majina ya wanakikundi. Mwenyekiti wa mtaa akasema hata mmoja simjui. Ndipo sauti ya mama ikatokea kule nyuma: "Huyo wa nne si shemeji yako, Mheshimiwa?"

Alikuwa shemeji yake kweli. Na Mheshimiwa hakuwa anajua. Namwamini, nilimwona usoni. Lakini aliendelea kusoma orodha mpaka mwisho, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Mwingine simheshimu. Huyu alikuwa na lori, limesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, linazoa taka kwa mkataba wa halmashauri. Sheria inasema diwani mwenye maslahi ayatangaze, atoke ukumbini jambo hilo likijadiliwa. Yeye hakutangaza na hakutoka. Alikaa. Miaka mitano alikaa, na katika miaka hiyo mitano hakuuliza swali hata moja kuhusu taka, wala kuhusu kitu kingine chochote. Lundo la sokoni kwenye kata yake mwenyewe lilifika urefu wa ukuta. Watu walidhani ni mtu wa aibu. Mimi nilijua, kwa sababu hati zake za malipo nilikuwa naandaa mimi. Akitaka kunyanyua mkono, tulikuwa tunachelewesha malipo wiki moja tu.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye ziara ya mafunzo ya siku nne, wiki moja kabla ya baraza la bajeti, nendeni, mkajifunze, mle samaki. Lakini mrudi na kumbukumbu ya nani alisaini posho.

Ndugu zangu wa benchi la nyuma, sijawasahau. Vikao vya baraza ni vya wazi. Mna haki ya kukaa humu, na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inayowapa haki ya kuomba taarifa kwa maandishi. Nilikuwa naona tofauti: siku benchi lile likiwa na watu, hata sisi tulijibu kwa tarehe.

Katibu ananionyesha saa. Naona pia umeme umerudi, sasa ambapo siuhitaji tena.

Kabla sijakaa, kila mmoja wenu ana kabrasha la robo iliyopita kwenye kiti chake. Naona wengi mmelifanya pepeo. Lifungueni. Tafuteni jedwali la miradi ya maendeleo, safu ya mwisho kulia. Mstari wa tano, ukarabati wa stendi. Someni kilichopokelewa, someni kilichotumika, kisha someni maelezo ya pembeni.

Mmeuona?

Mweka hazina yuko pale, amevaa shati la bluu. Nani anaanza?